Mama Buku na Mchwa wa Kwenda na Kurudi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zenu ndogo? Sogeeni basi. Ngano hii ni ya giza, na hata mimi sipendi kuisimulia nikiwa peke yangu.

Hapo zamani za kale, panya-buku mmoja aliishi shimoni na wanawe wanne. Wanyama walimwita Mama Buku. Shimo lilikuwa refu, jua halikufika ndani hata adhuhuri. Humo alipita Chatu, sss, sss, akimeza watoto wa wanyama wengine. Chatu aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni mwanga.

Mama Buku akatundika balbu. Wa kwanza kumwashia walikuwa siafu wa betri. Walitoka mlango mmoja wa betri, wakapita ndani ya balbu, wakaingia mlango wa pili. Mbele kwa mbele, hawageuki. Walipobanana kwenye uzi mwembamba wa balbu waliukwaruza, uzi ukapata moto, ukang'aa. Mwendo huo watu huuita mkondo mnyoofu. Lakini siafu wakachoka. Balbu ikafifia, ikawa nyekundu, ikazimika.

Akawaita mchwa wa waya mrefu, waya uliotoka mbali kwenye maporomoko ya maji, huko umeme unakozalishwa. Hao walikwenda hatua, wakarudi hatua. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi, mara hamsini kabla hujamaliza kusema pakawa. Huo ndio mkondo geu. Balbu ikawaka waa!

Mama Buku hakutulia. Buku ni mnyama wa akiba. Kwake kazi ni kile kilichofika ghalani. Akawauliza mchwa ni nani kati yao aliyefika kutoka maporomokoni. Hakuna hata mmoja.

Mchwa mmoja akamwambia, "Mama, sisi hatusafiri, tunasukumana. Tukienda, uzi unakwaruzwa. Tukirudi, unakwaruzwa. Usitazame miguu yetu, tazama taa."

"Mvivu hakosi neno," akajibu Mama Buku. Akachomoa waya.

Giza totoro. Kimya. Kisha, sss.

Mama Buku akautafuta waya. Akapapasa chini, waya hauonekani. Akapapasa kulia, udongo. Akapapasa kushoto, udongo. Sss, sss, sasa ndani kabisa. Kitindamimba wake akasema polepole, "Mama, kuna kitu cha baridi mguuni kwangu."

Mama Buku akaugusa waya. Akauchomeka. Mchwa wakaenda, wakarudi. Waa!

Chatu alikuwa anatoka mlangoni, tumbo limetuna. Mama Buku akawahesabu wanawe. Mmoja, wawili, watatu. Akahesabu tena. Watatu.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: kazi haipimwi kwa umbali wa safari, hupimwa kwa inacholeta. Usimfukuze mwenzio kwa sababu tu mwendo wake si mwendo wako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mama Buku bado yuko chini ya ile balbu. Halali, na waya haugusi.