Kijani Hakijazi Tenga

"Kijani hakijazi tenga." Mmeisikia sokoni mkacheka, wajukuu wangu. Methali hii ilianzia hapa kwetu Upareni, na siku ilipoanza hakuna aliyecheka.

Nakijwa alikuwa mjane mwenye mtoto mchanga. Ukoo wa mumewe ulimwachia shamba la kando ya mfereji kwa msimu mmoja: nyanya zikikubali, abaki, zisipokubali, shamba lirudi kwa shemeji yake, Mrindoko.

Miche yake ilitoka ya manjano. Jirani yake, bibi Nakiete, akamhurumia, akamletea mbolea ya kukuzia iliyobaki kwenye mahindi yake. Majani yakageuka kijani kibichi. Nakijwa alipoomba tena, Nakiete, kwa moyo uleule, akampa yote.

"Kama inakuza jani, itashindwaje kukuza tunda?" waliambiana. Jina la mbolea liliwatosha. Hawakujua kwamba ile ilikuwa na chakula cha majani tu. Ua na tunda huomba chakula kingine, nacho hakikuwamo.

Nyanya zikapita vijiti kwa urefu. Wapita njia walisimama kuzisifu. Maua yalipodondoka, Nakijwa alidhani ni upepo.

Siku ya kuvuna, Mrindoko alikuja na matenga matupu. Alitaka kweli kumsaidia.

"Shemeji, umetuaibisha wanaume. Leo mikono itatuuma."

"Karibu. Anzia huko chini."

Akafunua majani. Akahamia shina jingine, na jingine.

"Mbona sioni kitu?"

"Funua vizuri. Zimejificha ndani."

"Nimefunua, shemeji."

Wakaingia wote wawili, mstari hadi mstari. Hadi jioni nyanya walizopata zilifunika kitako cha tenga moja. Mrindoko alilitazama shamba lile zuri, akasema polepole, kama anayeomba radhi, "Kijani hakijazi tenga."

"Naona," akajibu Nakijwa. "Niache nilimwagilie mara ya mwisho."

Aliondoka na mwanawe mgongoni. Nakiete alimbebea sufuria hadi barabarani.

"Ni mimi niliyekupa, mwanangu."

"Ulinipa ulichokuwa nacho, mama."

Hakurudi tena. Wala Nakiete hakumpa mtu mbolea tena, na hilo nalo lilituumiza. Shamba lilibaki linang'aa pale kando ya mfereji, na wageni wakaendelea kulisifu. Sisi tulipita tumeinamisha vichwa, maana tulishajua: kijani hakijazi tenga.