Vichuguu Vitatu vya Mwalimu Korongo

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona wa nyuma hamkuitikia? Paukwa tena!

— Pakawa!

Haya. Leo sichekeshi, na ninyi msicheke.

Hapo zamani za kale, wanyama wadogo walikuwa na shule, na mwalimu wao alikuwa Korongo. Somo kubwa lilikuwa moja: Kanga akilia, kimbilia miibani, maana Chui yuko karibu.

Shule ilikuwa na vichuguu vitatu. Kwenye cha kwanza walifundishwa wote. Aliyeshindwa alipelekwa cha pili, kwa wachache. Akishindwa tena, cha tatu, peke yake na mwalimu. Korongo alivisifia vichuguu vyake mpaka mate yakamkauka.

Mama Digidigi alikuwa na mwana mmoja tu, Kidawa. Kwenye kichuguu cha kwanza Kanga alilia kwa zoezi. Watoto wakatimka. Kidawa akawatazama wenzake, akawafuata, akafika wa mwisho.

"Mzito huyu," akasema Korongo. "Kichuguu cha pili!"

Huko walikuwa watatu. Kanga akalia kilio kile kile, ila kwa nguvu zaidi. Wawili wakatimka. Kidawa akastuka baadaye, akafika wenzake wameshapumzika.

Mama akaja, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu. Mwanangu nyumbani nikimwita hageuki, mpaka nimguse. Labda..."

"Marahaba. Mama Kidawa, hapa pana utaratibu. Bado kichuguu cha tatu."

Moyo wa mama ulikataa, lakini mdomo wake ukasema, "Ahsante, mwalimu." Shukrani hiyo ilimtafuna mpaka uzeeni.

Kwenye kichuguu cha tatu Kanga akalia. Kidawa akasimama tu, maana hapakuwa na mwenzake wa kumtazama. Kanga akalia tena. Akasimama tu. Mara ya tatu, mtoto wa watu akatabasamu, akidhani ndivyo anavyotakiwa.

"Ananicheka!" akafoka Korongo. "Kila nikimsaidia anazidi kuharibika!"

Akampa adhabu ya kikorongo: asimame kwa mguu mmoja, uso kwenye kichuguu. Jamani, digidigi ana miguu minne! Kidawa akajaribu, akaanguka, akajaribu tena.

Siku hiyo hiyo Chui akaja kweli. Kanga akalia mpaka sauti ikamkauka. Watoto wakatimka miibani. Korongo akaruka juu ya mti. Kidawa, uso kwenye kichuguu, alikuwa bado anajaribu kusimama kwa mguu mmoja.

Mama alipofika alikuta kichwa tu. Akakipakata, akakiita jina lake.

Ndege mla kupe akatua, akachungulia masikioni. "Lahaula! Kupe wameziba masikio yote mawili. Mbona hamkuniita? Hii ilikuwa kazi yangu ya asubuhi moja."

Korongo akakohoa. "Lakini nilimpitisha vichuguu vyote vitatu."

"Ulimpitisha, mwalimu," akasema mama. "Hukumwangalia. Na mimi nilikushukuru."

Wanangu, mtoto akishindwa, usimhamishe tu huku na huku ukimpigia kelele ile ile. Mwinamie, ujue kinachomzuia. Nawe mzazi, ulichokiona kiseme mpaka mwisho, hata kama anayekukatiza ni mwalimu.

Hadithi yangu nimeitua hapo, anayeitaka aibebe. Na ninyi wa nyuma ambao hamkuitikia, sogeeni hapa mbele, niwatazame masikio.