Uzio wa Fungu la Mchanga

Nyamazeni niwaambie ya Mahfudhi, tajiri wa mjini aliyeijua bahari kwa kuiona dirishani. Alitukuta wanawake kwenye fungu la mchanga, maji yamekupwa, tunaokota kome, riziki yetu. Akasema fungu amelinunua, tusikanyage tena.

Wifi yangu Mwanashawali, ambaye mpaka leo hatusemezani naye, akamuuliza, "Na samaki, bwana, nao wako?"

"Samaki wana mapezi, mama. Nitawafunga kamba? Chukueni."

"Haya, watu wote wamesikia. Lakini shamba halina uzio, nani atakuheshimu? Zungushia miti na wavu."

"Sasa unasema la maana."

Siku mbili akapigilia miti na kufunga wavu, jasho linamchuruzika, nasi tunamsifu. Maji yakajaa, yakafunika uzio. Yalipokupwa, changu na tasi walikuwa wamenasa ndani, wanarukaruka tele.

Mahfudhi akaja mbio. "Tokeni kwenye fungu langu."

"Kome wako hatujawagusa," wifi akasema, anajaza kikapu. "Tumefuata samaki uliotupatia. Wazee wetu walitega hivihivi, ila sisi nguvu za kujenga hatukuwa nazo. Ile kona ikaze, baba, wanapenya."