Betri Nzito ya Mzee Kifaru

Zamani zile za kale, Jumanne moja, saa mbili asubuhi, gari la Mzee Kifaru lilikataa kuwaka.

Alizungusha ufunguo. Kwi... kwi... tik! Akazungusha tena. Tik.

"Betri imekufa," alisema mkewe, Mama Pembe. "Na keshokutwa ni Alhamisi."

Alhamisi hiyo, wanangu, ilikuwa siku moja tu katika mwaka. Daktari Korongo, mganga wa macho, alikuwa akitua kwenye Kilima cha Upepo asubuhi, akiwatibu wazee wenye ukungu machoni, na saa nane mchana akipaa kuifuata mvua. Ukimkosa, humpati mpaka mwaka mwingine. Wazee wa bondeni walipelekwa kwake na gari la Kifaru, bure, kila mwaka.

Kifaru na mkewe wakashika njia kwenda njiapanda, kwa Nguchiro muuza betri.

Nguchiro aliwaona kutoka mbali, akasugua mikono. Mwenye gari akija kwa miguu, hajaja kupiga soga.

"Karibu, Mzee wangu! Karibu, shemeji! Betri?"

"Betri," alisema Kifaru. "Nina safari Alhamisi. Nawapeleka—"

"Usinieleze, Mzee! Safari ni safari. Tazama mali."

Alimkatisha makusudi. Mteja anayeongea sana huanza kufikiri. Siku zilizofuata Nguchiro alilirudia neno lile kichwani, "nawapeleka", akatamani angelingoja limalizike.

Alipanga betri mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa. Ya pili ilikuwa imetolewa kwenye lori la Nyati baada ya miaka mingi. Nguchiro alikuwa ameipaka rangi nyeusi, akaing'arisha kwa mafuta ya nazi, akaikwangua tarehe. Chini yake alibandika kitako cha pili, na ndani ya kitako akashindilia mchanga wa mto. Siku nzima ya Jumatatu aliiunga kwenye umeme wa jua ili ipate chaji kidogo.

Betri nzuri alijua ina wanunuzi wengi. Mbovu ilihitaji mmoja tu.

Na alimjua Kifaru. Ukoo wa vifaru hauoni vizuri, kwa hiyo hupima kila kitu kwa pembe. Boga wanalinyanyua. Gunia wanalinyanyua. Hata posa ikija, mchumba hunyanyuliwa kwanza. Kwao, kilicho kizito ndicho chema.

Kifaru alitia pembe chini ya betri mpya. Hop! "Nyepesi hii."

Akatia pembe chini ya ile ya pili. "Hmmm... hiiii! Eh! Hii ndiyo betri!"

"Umeona mwenyewe, Mzee. Mimi sijasema kitu."

Mama Pembe alisogeza uso mpaka pua ikagusa betri. "Imetengenezwa lini? Hapa juu pamekwanguliwa."

"Shemeji! Mtoto akipelekwa kliniki, anaulizwa habari au anawekwa kwenye mizani?"

Kifaru akacheka, hoo hoo hoo, mpaka bati la paa likatikisika. "Amekuweza leo, mama!"

"Mtoto huwekwa kwenye mizani," alisema Mama Pembe, "na tarehe yake imeandikwa kwenye kadi."

Lakini Kifaru alikwisha kuibeba. Akaacha kikapu cha mayai ya kanga kuwa malipo, akaenda zake. Ikafika habari kwamba gari limewaka. Vuuum! Nguchiro alivunja yai la kwanza, akalinywa, akacheka peke yake.

Alhamisi, saa moja asubuhi, alipita kwa mama yake, Bi Mkunde, kumpelekea mayai mawili. Akamkuta amekaa kizingitini, kanga mpya kichwani, kifurushi mapajani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa Korongo, mwanangu. Mzee Kifaru amenipa nafasi. Nataka nimwone mwanao sura, nimechoka kumpapasa."

Nguchiro alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, gari likafika, puu puu puu, Mama Pembe na wazee wawili wakiwa ndani.

"Mzee Kifaru," alisema Nguchiro, "usizime gari njiani."

"Kwa nini? Si umenipa betri nzito?"

Wote ndani walikuwa wakisikiliza. Mama yake alikuwa akisikiliza. "Basi tu," alisema Nguchiro, akampandisha mama yake, akadandia nyuma.

Kwenye kivuko, Mzee Kobe alikuwa akingoja ng'ambo ya tope. Kifaru alizima gari, akashuka, akambeba na kumpakia. Akarudi kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Tik.

"Subiri, imelala," alisema Kifaru. Tik. "Jamani!" Tik.

"Tusukume liwake!" alisema Mzee Kobe.

"Hili gia zake hujibadili zenyewe, Mzee Kobe. Haliwaki kwa kusukumwa."

"Basi tusukume lifike," alisema Mama Pembe.

Wakasukuma. Mama Pembe alishika usukani, Kifaru akaweka paji la uso nyuma ya gari, na Nguchiro akaweka mabega yake madogo kando ya Kifaru. Hiiii-ya! Hiiii-ya! Vifaru wana nguvu, lakini kilima ni kilima. Jua lilipanda. Kifaru alianguka magoti mara tatu, akainuka mara tatu.

"Ni wewe unayehema hapo, mwanangu?" aliuliza Bi Mkunde kutoka ndani.

"Ni mimi, mama."

"Wewe unayezijua betri, kwa nini hukumsaidia Mzee kuchagua?"

Nguchiro akazidi kusukuma.

Walifika kileleni saa tisa. Majani yalikuwa yamelala pale Korongo alipokuwa amekaa, na unyoya mmoja mweupe ulibaki.

Kifaru alifungua boneti, akaing'oa betri kwa pembe, akaibwaga chini kwa hasira. Pwaa! Kitako kikafumuka. Chwaaa... mchanga ukamwagika miguuni pake. Aliinama, akaunusa. Akamgeukia Nguchiro, akamtazama muda mrefu kwa macho yake mabovu.

"Ni nini kimemwagika?" aliuliza Bi Mkunde.



"Mchanga tu, Bi Mkunde," alisema Kifaru. "Barabara ni mbovu."

Nguchiro alikuwa amejiandaa kwa pembe. Kwa maneno hayo hakuwa amejiandaa.

"Si barabara, mama," alisema. "Ni mimi. Niliutia mchanga kwa mkono wangu. Sikujua kwamba utapanda wewe."

Bi Mkunde alipapasa hewani mpaka akaupata uso wa mwanawe. Akaushika hapo.

"Na kama angepanda mama wa mwingine?" aliuliza.



Wanangu, anayemdanganya dereva bado hajajua nani atapanda gari.

Jioni waliliteremsha gari kwa mteremko mpaka bondeni, karibu na nyumba ya Bi Mkunde. Ijumaa asubuhi, Nguchiro alibeba ile betri mpya kichwani mpaka kwenye gari. Akaifunga, akakaza nyaya zake, akamwonyesha Mama Pembe tarehe. Kifaru akazungusha ufunguo mara moja. Vuuuum!

Sauti ilienea bonde zima. Bi Mkunde alitoka akipapasa ukuta, kifurushi mkononi.

"Korongo amerudi?"

"Bado, mama. Ni mwakani," alisema Nguchiro.

Kifaru akazima gari.