Hatua ya Kwanza ya Mkawasi

Hapo zamani, mto ulipokuwa bado unajichagulia pa kupita, aliishi binti aitwaye Mkawasi. Nyoka alimgonga akiwa mdogo, mguu ukaoza, ukakatwa chini ya goti. Tangu hapo dada yake Shali alimbeba: kisimani mgongoni, shambani mgongoni, ngomani mgongoni. Wachumba wa Shali walikuja, wakaona mzigo, wakaaga.

Fundi Mwachofi akamchongea Mkawasi mguu wa mninga. Mzuri, lakini mzito kama kinu. Mkawasi aliinuka, akaanguka.

"Fundi, nimeomba mguu, umenipa nguzo ya nyumba!"

Shali ndiye aliyeukumbuka mwerebi, mti mwepesi uotao kando ya mto. Alikuwa akichemsha magome yake kumtulizia mdogo wake maumivu, akastaajabia wepesi wa matawi yake. "Huu haulemei," alimwambia fundi, "na ukigongwa unabonyea, haupasuki."

Lakini mwerebi mnene ulikuwa mmoja tu, wa mjane Bi Wakio, na mizizi yake ndiyo iliyozuia mto usile shamba lake la majimbi. Fundi alitaka shina lote mpaka chini. Bi Wakio akamtazama Mkawasi, akautazama mto, akasema, "Ng'oeni." Masika yale yale mto ukameza nusu ya shamba.

Mwachofi alichonga mguu, akautupa. Akachonga wa pili, akautupa. Wa tatu ukakaa.

Sasa, desturi ya pale ilikuwa hivi: mtoto akikufikia kwa hatua zake za kwanza, ndiye atakayekuchotea maji uzeeni. Siku ya Mkawasi kuujaribu mguu ilipofika, fundi, mjane na Shali wakasimama uwanjani, kila mmoja upande wake.

"Njoo kwangu, mwanangu," alisema Mwachofi. "Mti ni gogo mpaka upate mkono. Nami sina mtoto."

"Na mkono bila mti utachonga upepo?" alijibu Bi Wakio. "Jasho lako litarudi kesho, fundi. Shamba langu limekwenda na maji. Nizeeke nikila sifa?"

Shali naye akanyoosha mikono. Watu wakacheka: "Wewe ni dada bwana, yako si kazi, ni mapenzi!"

Hapo akawaka. "Alaa! Fundi akitoka jasho ni kazi, mimi nikitoka jasho miaka tisa ni mapenzi? Mgongo huu ndio uliokuwa mguu wake. Haukuchongwa na mtu, basi hamkuuona!"

Mkawasi akasimama. Aliona makovu ya patasi mikononi mwa fundi. Aliona tope kwenye nyayo za Bi Wakio. Kumtazama Shali hakukuwa na haja, harufu ya mgongo wake aliijua hata usingizini.

"Kaa kwanza, ufikiri," mtu akamshauri.

"Nikae? Miaka tisa nimekaa!"

Akauinua mguu wa mwerebi. Mwepesi. Uko hewani.

Nanyi mnaosikiliza, msiniambie aende katikati, katikati hapakuwa na mtu. Je, nani alistahili kufikiwa na hatua ile?