Liwali Tertulo na Mnyonyoa Makwapa

Hapo zamani, katika mji mmoja wa Kirumi ambako watu waliona aibu kukosa kuoga kuliko kukosa kula, palikuwa na hamamu kubwa, na humo alikuwamo fukara mmoja jina lake Skapo, kazi yake kuwanyonyoa watu nywele za makwapa kwa kibano. Maana Warumi wale, msinione mwongo, mwanamume mwenye kichaka kwapani walimcheka mpaka akimbie. Basi Skapo akawa akizunguka birika la maji ya moto na la maji ya baridi akinadi, "Makwapa! Makwapa hayo!" na bila ukelele ule hakuna aliyemwita, na wanawe wakalala njaa.

Liwali wa mji, Tertulo, tumbo mbele kama mja mzito wa mapacha, akaudhika na kelele. Akaamuru, "Atakayepaza sauti humu, awe nani awaye, atatolewa uchi vivyo hivyo mpaka sokoni, wala hatatia mguu humu mwaka mzima."

Ikawa kimya, hata kukohoa watu walikohoa ndani ya taulo. Siku tatu Skapo hakupata kwapa hata moja. Ya nne akamwendea Liwali katika maji ya moto, akanong'ona:

"Bwana wangu, udumu! Amri nimeitii, na njaa itaniua. Kabla sijafa, niruhusu nikunyonyoe bure, kimya kimya."

"Haya, nyonyoa. Ila nikisikia sauti yako, umekwisha!"

"Yangu hutaisikia, bwana."

Liwali akainua mkono wa kulia. Skapo akabana, tena si unywele mmoja, shungi zima, akavuta.

"Uwiii! Mama yangu, nakufaaa!"

Kuba la hamamu likaitikia, "Nakufaaa!" Waogaji wakaduwaa, walinzi wakatazamana. Skapo akainama kwa adabu.

"Bwana, amri ilisema awe nani awaye. Je, nikufungulie mimi mlango wa sokoni, au walinzi?"

Liwali akautazama mlango, akajitazama na yeye alivyo, mara kicheko kikamshika, tumbo likatikisika mpaka maji yakafurika sakafuni.

"Amri nimeifuta! Piga kelele zako, mjanja wee, na chakula cha nyumba yako kitatoka jikoni kwangu."

"Ahsante, bwana. Na kwapa la kushoto?"

Lo! Liwali alikwisha ruka nje ya birika. Na wenye midomo yao husema, tangu siku hiyo hadi anazikwa, aliwapungia watu kwa mkono wa kulia tu.