Daktari Anyitike na Chembe Nyeusi

Ndugu, hii usiipite haraka kama zile salamu za asubuhi zenye maua. Isome mpaka chini, kisha mtumie yule mtaalamu wa kazini kwenu anayejua kila kitu. Usimwambie kwa nini umemtumia.

Palikuwa na daktari wa mifugo, Anyitike Mwaisumo, aliyeongoza maabara moja ya kanda. Kazi yake ilikuwa kupasua mizoga, kukata vipande vya maini na mapafu, na kuvitazama kwa hadubini mpaka aseme mnyama ameuawa na nini. Kazi aliijua, hilo tusimnyime. Tatizo ni kwamba na yeye alijua kuwa anaijua.

Mwaka mmoja ng'ombe walianza kufa katika kijiji cha Itandulila. Boma lililoumia zaidi lilikuwa la mama mmoja aitwaye Nyamizi, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa ng'ombe hao hao. Daktari alipofika siku ya kwanza, Nyamizi alimkamata ndama mmoja akamsogeza mbele yake.

"Daktari, papasa hapa chini ya sikio. Tezi limevimba kama yai. Anakohoa, ana homa, hanyonyi. Hii ni ndigana, ile ya kupe. Nisaidie sindano tu."

"Mama, hayo tuachie sisi," alisema Daktari Anyitike, na mikono yake hakuitoa mfukoni. "Ndigana, ndigana, kila ng'ombe akikohoa kwenu ni ndigana. Tutapima."

Akakata vipande kwenye mizoga mitatu, akavitumbukiza katika vichupa vya fomalini, ile dawa inayozuia nyama isioze, akaondoka na gari lake.

Baada ya siku chache alikaa kwenye hadubini, na moyo ukamruka. Ndani ya maini na mapafu, kila palipokuwa na damu, palikuwa na chembe nyeusi zilizotapakaa mfano wa pilipili manga. Alitazama mzoga wa pili, chembe zipo. Wa tatu, zipo. Alifungua vitabu, hakukuta ugonjwa wa ng'ombe wenye chembe za namna ile. Akajiambia, taratibu kabisa, kwamba huu ni ugonjwa mpya na yeye ndiye aliyeuona kwanza.

Mtu akishapenda, chongo huita kengeza. Chuoni alifundishwa kwamba fomalini mbovu huweza kuchora mambo yasiyokuwepo. Lakini hilo, kwa fikra zake, lilikuwa jambo la maabara za watu wengine.

Katika maabara ile palikuwa na fundi aliyekata na kupaka rangi vipande vyote, Bi. Zamoyoni, mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Palikuwa pia na desturi ya zamani. Kila kundi la vipande vya wagonjwa lilipita pamoja na kipande kimoja cha mnyama mzima. Walikiita shahidi. Kipande hicho kilitiwa fomalini ile ile na rangi zile zile, ili kosa likiwa la maabara, shahidi aseme. Daktari Anyitike ndiye aliyeifuta desturi hiyo alipopewa ukuu.

"Daktari, kundi hili tumelisoma bila shahidi," alisema Bi. Zamoyoni. "Na pipa la fomalini tulilofungua safari hii ni lile lililokuwa stoo, chini ya bati, sijui miaka mingapi."

"Bi. Zamoyoni, shahidi anakula siku mbili. Wakitutangulia wenzetu wa nchi nyingine, utakwenda wewe kuwalalamikia?"

Bi. Zamoyoni akarudi kwenye meza yake. Kuondoka kwake hivyo, waliomzoea wanajua, si kukubali.

Daktari akaandika ripoti kwa wilaya: ugonjwa mpya, hatari, usiojulikana. Akapiga simu Itandulila kwamba wagonjwa wasichomwe dawa yoyote, wasije wakamharibia sampuli. Wilaya nayo ikaogopa, kama ilivyopaswa kuogopa kwa karatasi ile, ikatoa amri: ng'ombe wote wa Nyamizi, sitini na wanne, wazima kwa wagonjwa, wauawe na kufukiwa siku ya Jumatano.

Wiki hiyo hiyo ukaja mwaliko wa mkutano wa wataalamu Nairobi. Daktari Anyitike angesimama mbele ya maprofesa kueleza ugonjwa wake. Maabara nzima ilifurahi, Jumamosi wakachinja mbuzi nyuma ya jengo. Ini ndilo lililotangulia kuchomwa, na kwa kuwa sherehe ilikuwa ya daktari, ini alipewa yeye.

Jumanne asubuhi Bi. Zamoyoni aliingia ofisini kwa daktari na kioo kimoja cha kipande kilichopakwa rangi, kisicho na jina.

"Nisomee hiki, daktari, kabla ya chai."

Daktari alikiweka chini ya hadubini. Hata dakika haikuisha.

"Ni ule ule! Tena huyu alizidiwa kuliko wote. Tazama chembe zilivyojaa. Ametoka boma la nani?"

"Hakutoka bomani."

"Sasa ametoka wapi?"

"Nyuma ya jengo. Hili ni ini la mbuzi wa Jumamosi. Nilikata kipande kabla halijafika kwenye makaa, nikakitia kwenye fomalini yetu. Lililobaki ulilila mwenyewe kwa chumvi na pilipili, ukasema hujapata kuonja ini tamu kama lile."

Daktari Anyitike hakucheka. Alinyanyuka, akaenda stoo, akachovya karatasi ya kupimia asidi kwenye pipa. Karatasi ikabadilika rangi pale pale. Fomalini ilikuwa imechachuka. Ikichachuka, inapokutana na damu ndani ya nyama hutoa chembe nyeusi, awe ng'ombe mgonjwa au mbuzi aliyekuwa akiruka ruka asubuhi. Ugonjwa wake mpya ulikuwa ndani ya pipa.

Alirudi akafunga mlango. Niseme ukweli, wazo la kwanza lililomjia halikuwa la ng'ombe. Lilikuwa la Nairobi.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na wewe."

Alielewa kilichokuwa mbele yake. Kesho ng'ombe wangefukiwa na chokaa juu yao, na baada ya hapo asingekuwepo mtu wa kupima chochote. Angeweza kukaa kimya. Jina lake lingebaki, ugonjwa ungebaki, na mama wa Itandulila angebaki na boma tupu. Bi. Zamoyoni alikuwa bado amesimama. Hakutoka.

Daktari aliona aibu, ile aibu inayoanzia masikioni. Akachukua hadubini ndogo ya safari, sindano, dawa ya ndigana yote iliyokuwa kwenye friji, akaomba ufunguo wa gari.

Alifika Itandulila alasiri. Shimo lilikwisha kuchimbwa, na watu walikuwa wamekaa pembeni yake kama watu wa msibani. Daktari alimwomba Nyamizi amshikie ndama. Safari hii alipapasa. Tezi lilikuwa pale pale alipoambiwa. Alivuta maji kidogo ya tezi kwa sindano, akayapaka kwenye kioo, akatia rangi, akatazama juu ya boneti ya gari. Vijidudu vya ndigana vilikuwa wazi, ugonjwa ambao kijiji kizima kiliujua kwa jina.

Ofisa wa wilaya alikuwa amesimama karibu. "Daktari, amri ilitoka kwa karatasi yako. Mimi siwezi kuisimamisha kwa maneno ya mdomo."

"Nipe karatasi."

Aliandika pale pale juu ya boneti, kisha akaisoma kwa sauti, maana aliona kuiandika tu hakutoshi. "Ripoti yangu ya kwanza ni ya makosa. Chembe nilizoziona zilitoka kwenye fomalini ya maabara yangu. Ng'ombe hawa wana ndigana. Mwenye ng'ombe aliniambia siku ya kwanza, sikumsikiliza."

Akatia sahihi. Ofisa akaikunja, akawaambia vijana waanze kurudisha udongo shimoni. Wanawake wawili wakapiga vigelegele. Nyamizi hakupiga.

"Nimekusikia, daktari," alisema. "Kurudi umerudi, na wengi wasingerudi. Lakini tangu uliponikataza sindano, nimezika ndama tisa. Sindano hiyo uliyoishika niliiomba siku ile ya kwanza."

Daktari Anyitike alitafuta neno la kisomi, hakulipata. Akasema, "Ni kweli, mama. Ni mimi." Kisha akavua koti, akaingia bomani. Nyamizi alishika shingo, yeye akachoma sindano, mmoja baada ya mwingine mpaka jua likashuka. Wengi walipona. Wawili walikuwa wamechelewa, wakafa kabla ya Ijumaa.

Nairobi alikwenda. Alizungumza dakika sita tu, habari za pipa. Waliokuja kusikia ugonjwa mpya wengine walitoka nje, na profesa mmoja alimfuata mlangoni akamwomba jina la karatasi ile ya kupimia asidi, akapime pipa la maabara yake.

Maabarani shahidi alirudishwa. Na fomu ya kupokea vipande, ambayo ilikuwa na mistari kumi na minne na yote ya kujazwa na daktari, sasa ina kumi na mitano. Mstari wa kwanza kabisa unauliza: Mwenye mnyama anasema ni nini?

Funzo: Elimu inayokuwezesha kuona kisichoonekana isikuzuie kumsikia anayekesha na mgonjwa, na kosa ulilolitangaza mbele za watu, lirudishe mbele za watu hao hao, upesi, maana kila siku unayochelewa kuna mwingine anayeilipa.